Tiba ya muziki: kipi kipangwe, kipi kibuniwe papo hapo

Aliyewahi kuhudhuria taarab ya kizamani Unguja anaujua utaratibu wake. Kabla ya mwimbaji kusimama, kundi zima hufungua kwa bashrafu, muziki usio na maneno ambao umetungwa na kufanyiwa mazoezi hata kila fidla inajua pa kuingilia. Baadaye huja wakati wa taksimu. Wenzake wananyamaza, au wanashikilia sauti moja chini kwa chini, na mpiga udi anaachiwa uwanja. Hapo hakuna karatasi ya noti. Anakwenda anakotaka, ila ndani ya maqam (ngazi ya sauti) ileile, na wasikilizaji wenye masikio wanamjua papo hapo akipotea njia. Uhuru wake wa dakika mbili tatu ameulipia kwa miaka ya kujifunza.

Nimeanza na taarab kwa sababu mjadala mmoja wa kudumu katika tiba ya muziki unafanana na jambo hilo. Tabibu anapoingia chumbani kukutana na mtoto mwenye usonji, na mzee aliyepata kiharusi, au na kijana mwenye sonona, aingie na mpango ulioandikwa hatua kwa hatua, au aingie mikono mitupu na kumfuata mwenyeji wake? Kambi zote mbili zina watetezi. Mimi naona swali lenyewe limeulizwa vibaya, lakini tulifuate kwanza lilivyo.

Tiba ya muziki si kuwasha redio wodini, ingawa redio nayo ina faida zake. Ni kazi ya mtu aliyesomea, anayekutana mara kwa mara na mtu mwenye shida inayojulikana, kwa lengo linaloweza kutajwa, na muziki ndio chombo chake cha kazi. Marekani ilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 1944, katika chuo cha Michigan State, na chama cha kitaifa kikaundwa 1950, wakati hospitali zimejaa askari waliorudi vitani na majeraha ya mwili na ya akili. Uingereza chama kilianzishwa 1958 na Juliette Alvin, mpiga selo mzaliwa wa Ufaransa. Kwa jumla, Wamarekani walilelewa na hospitali na wanasaikolojia, wakapenda malengo yanayohesabika. Waingereza walilelewa na wanamuziki, wakapenda kubuni. Mgawanyo huu una matundu mengi, kama tutakavyoona, lakini hata leo vitabu vya pande hizo mbili vina harufu tofauti.

Neno moja kabla ya kuendelea. Wataalamu humwita anayehudumiwa «mteja», na kliniki zetu nazo zimelizoea. Ila Dar es Salaam «teja» ni mtumiaji wa dawa za kulevya, kwa hiyo tabibu atakayelitamka mbele ya familia ajiandae kutazamwa kwa jicho la pembeni. Nitasema mgonjwa, mtoto, mzee, kadiri anavyokuja.

Tuanze na yale ambayo hayana budi kupangwa. Kikao cha kwanza hutanguliwa na rufaa, na vikao viwili au vitatu vya mwanzo huwa vya tathmini. Tabibu anatazama ni sauti gani inamgeuza mtoto kichwa, anakaa na chombo kimoja kwa muda gani, na kama anaacha kupiga tabibu anapoacha. Kisha linaandikwa lengo, na lengo hilo halihusu muziki. «Apige ngoma vizuri» ni lengo la mwalimu wa muziki. «Aweze kungoja zamu yake mara tatu kati ya tano» ni lengo la tabibu, na ngoma ni mahali pa kujifunzia kungoja.

Halafu kuna chumba chenyewe, na hapa ndipo wengi wanapodharau. Kayamba ni chombo kizuri mno kwa mkono dhaifu, lakini likipasuka ndani mna mbegu, na mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipewe. Filimbi haitoki kinywa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa. Mikwaju ya marimba haiachwi karibu na mtu aliyekuja akiwa na hasira. Na kuna ujanja wa zamani wa kuondoa baadhi ya mbao za marimba zikabaki za toni tano tu, ili lolote analogonga mgonjwa lipatane na anachopiga tabibu. Mtazamaji atasema hapa watu wanabuni kwa uhuru kabisa. Kweli, lakini uhuru huo uliandaliwa nusu saa kabla, na mtu aliyekuwa peke yake chumbani akichomoa mbao.

Wimbo wa salamu na wimbo wa kuagana nazo hupangwa, na kwa kawaida hazibadilishwi wiki hata wiki. Mtoto mwenye usonji anayeogopa mambo ya ghafla anahitaji kujua kwamba mlango huu hufunguliwa hivi na kufungwa hivi. Katikati panaweza kutokea lolote, lakini kingo hazisogei.

Sasa twende katikati.

Mwaka 1959, katika makao ya watoto ya Sunfield, kijiji cha Clent huko Worcestershire, Uingereza, walikutana watu wawili. Paul Nordoff alikuwa Mmarekani, mtunzi wa muziki wa majukwaani na mwalimu wa chuo. Clive Robbins alikuwa Mwingereza, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Wakagawana kazi hivi: Nordoff alikaa kwenye piano na kubuni, Robbins alikuwa na mtoto, akimsaidia kushika kijiti, kusimama, kurudi. (Ndiyo hayo matundu niliyoyataja: bingwa wa kubuni aliyeipa Uingereza jina alitoka Marekani.) Mmoja wa watoto walioandikwa sana katika kazi yao anaitwa Edward, mvulana wa miaka mitano na ushei. Aliingia akilia na kupiga mayowe. Nordoff hakumbembeleza kwa wimbo laini. Aliyasikiliza mayowe kama mwanamuziki anavyosikiliza sauti, akapiga muziki wenye nguvu ileile na uliokaa kwenye sauti zilezile alizokuwa akizitoa mtoto, mpaka kilio kikaanza kuelekea kuwa wimbo.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba mpango hauna kazi. Wanaokisimulia hivyo wanaacha nusu yake. Nordoff na Robbins walirekodi vikao vyao kwenye tepu, na baada ya mtoto kuondoka walikaa kuzisikiliza, wakiandika dakika kwa dakika: hapa alinyamaza, hapa alijibu, hapa tulimpoteza. Lahani iliyobuniwa leo na kumgusa mtoto iliandikwa ili irudi kesho. Walitunga hata vipimo vya kupanga ngazi za uhusiano kati ya mtoto na tabibu. Kwa hiyo mpango ulikuwepo, ila uliandikwa baada ya kikao, ukatokana na yale yaliyobuniwa ndani yake. Ndiyo maana nasema swali limeulizwa vibaya. Tunaulizana tupange au tubuni, kana kwamba ni milango miwili, na hali kila kimoja hukizaa kingine kwa zamu, wiki baada ya wiki.

Kubuni kwenyewe kuna mbinu zake, tena zenye majina. Kenneth Bruscia, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alihesabu mbinu 64. Tony Wigram, aliyefundisha Aalborg nchini Denmark, alitoa mwaka 2004 kitabu cha kufundishia zile za msingi. Sitazipitia zote, tatu zinatosha kuonyesha kazi ilivyo.

Ya kwanza ni kuiga: mgonjwa anapiga, tabibu anapiga vilevile, wakati uleule. Kwa mtoto asiyezungumza ni kama kumwambia «nimekuona». Kwa mtu mzima inaweza kuwa tusi. Hebu mtu akuige kila unachofanya mezani, uone utakaa dakika ngapi kabla ya kumwuliza anakucheka nini. Ya pili ni kulandana. Hapa tabibu haigi mapigo. Anachukua kasi, uzito na hali ya muziki wa mgonjwa, kisha anapiga chake kinachokaa vizuri ubavuni mwake. Wigram aliihesabu hii kuwa muhimu kuliko nyingi, na mimi nakubaliana naye. Ya tatu ni kuweka msingi: mgonjwa anatapatapa, mapigo yake hayana pa kushika, na tabibu anashikilia mdundo mmoja mzito usioyumba, mpaka mwingine apate pa kukanyaga.

Mbinu hii ya tatu haihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma. Ngoma za msondo na vumi zinashikilia, ngoma ya chapuo inacheza juu yake. Kiitikio hakibadiliki, na ndiyo maana manju anaweza kutunga maneno palepale, kumtaja aliyefika sasa hivi, kumpiga kijembe aliyekuja mikono mitupu. Akikosa neno, kiitikio kinamwokoa. Mwanafunzi wa London au Oslo hufundishwa kwa jitihada kitu ambacho msichana wa Tanga amekisikia kwenye arusi za shangazi zake.

Kuna pia kanuni ya tangu miaka ya 1940, ya daktari Ira Altshuler wa Marekani, kwamba muziki uanzie pale hali ya mgonjwa ilipo, kisha uihamishe kidogo kidogo. Aliyefadhaika asianziwe na muziki wa utulivu, maana hautamgusa. Aanziwe na wenye msukosuko kama wake. Hapa mpango na ubunifu vinakumbatiana kabisa. Tabibu anajua anatoka wapi na anataka kufika wapi, ila kasi ya safari anaamriwa na pumzi na mabega ya aliye mbele yake.

Lakini yapo maeneo ambayo ubunifu unapaswa kujua mipaka yake. Chukua mtu aliyepata kiharusi na anajifunza upya kutembea. Kazi za Michael Thaut na wenzake tangu miaka ya 1990 zimeonyesha jinsi mdundo wa nje unavyoweza kupanga hatua za mguu. Utaratibu ni wa kuhesabu. Kwanza unapima anapiga hatua ngapi kwa dakika bila muziki, tuseme 60. Unaweka mdundo uleule wa 60 mpaka mguu uutii. Ndipo unapandisha kwa asilimia 5 hadi 10, si zaidi. Tabibu anayenogewa hapa akaanza kuchapa mapigo ya mkato kama yuko dansini anamweka mgonjwa kwenye hatari ya kuanguka. Ubunifu uliobaki ni wa jicho: kuona goti linalochoka na kushusha kasi kabla mgonjwa hajasema.

Kurudisha usemi ni vivyo hivyo. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza njia ya kumfundisha mtu aliyepoteza maneno kuyatamka kwa kuyaimba kwenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga silabi moja moja. Sauti ya juu hukaa kwenye silabi yenye mkazo. Kiingereza mkazo wake hautabiriki, lakini Kiswahili karibu kila neno huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: na-TA-ka MA-ji, ni-me-CHO-ka, wala si ni-ME-cho-ka. Tabibu wetu anaweza kuandaa sentensi 20 za maisha ya kila siku kwa lahani ambayo lugha yenyewe imekwisha kuipanga. Sioni sababu ya kutafsiri mifano ya Boston.

Kwa mzee anayepoteza kumbukumbu, mpango unageuka kuwa wasifu wa mtu. Nyimbo zinazodumu zaidi mara nyingi ni za ujana wake. Mzee aliyekuwa kijana Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960 ana Cuban Marimba ya Salum Abdallah kichwani. Wa Dar es Salaam ana NUTA Jazz. Mwingine ana tenzi za kanisani, mwingine kaswida za Maulidi. Mambo haya hayabuniwi, yanaulizwa kwa mke, kwa dada, kwa jirani wa zamani. Ubunifu ni mdogo na wa thamani kubwa: kushusha ufunguo mpaka sauti iliyozeeka iufikie, na kusimama ghafla kabla ya neno la mwisho la mstari ili mzee alimalizie mwenyewe. Likimchukua sekunde kumi kulipata, tabibu anazingoja zote kumi.

Je, kubuni kunatibu? Hapa inabidi kuwa mkweli, maana wauza matumaini ni wengi. Utafiti wa Finland uliochapishwa 2011 uliwafuata watu wazima 79 wenye sonona. Waliopata vikao 20 vya kubuni muziki pamoja na tabibu na kuzungumza juu ya kilichotokea, zaidi ya matibabu yao ya kawaida, walipata nafuu zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Kwa usonji habari si tamu hivyo. Utafiti mkubwa wa nchi tisa, wenye watoto 364 wa miaka minne hadi saba, ulitolewa 2017. Baada ya miezi mitano, watoto waliopata tiba ya kubuni muziki hawakutofautiana na wenzao wasioipata kwa ukali wa dalili za kijamii. Watetezi wakasema kipimo kilichotumika hakiwezi kunasa kinachotokea chumbani. Huenda. Lakini mzazi anayeuza ng'ombe kulipia vikao ana haki ya kuambiwa matokeo hayo kabla ya kulipa, na aelezwe pia kile ambacho tiba inaweza kumpa: muda wa mtoto wake kukutana na mtu mwingine bila kulazimishwa maneno.

Huku kwetu kuna jambo la kupangwa ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi. Ngoma imekuwa tiba pwani hii kabla ya neno kliniki kufika. Hans Koritschoner aliandika juu ya ngoma ya sheitani mwaka 1936, na John Janzen alipotoa kitabu chake juu ya ngoma za uganga mwaka 1992, Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya miji aliyofanyia utafiti. Kila pepo ana ngoma yake. Kibuki wa Unguja huja na kodiani, ruhani huja na dhikiri. Mganga hujaribu wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka upatikane unaomgusa mwenye pepo. Atakayeona hapo mpango na ubunifu kwa pamoja hatakuwa amekosea.

Ila tabibu wa hospitali asijifanye mganga, wala asijifanye hajui. Mwanamke wa makamo aliyewahi kupungwa akisikia mdundo fulani wa ngoma anaweza kupandisha, palepale, na hilo si tukio la kukabiliwa na mtu mwenye dakika 45 na mgonjwa mwingine mlangoni. Kwa hiyo swali la ngoma liulizwe kwenye tathmini, kwa adabu na faragha: kuna mapigo ambayo kwenu hayapigwi ovyo? Wapo pia watakaosema ala zote za muziki kwao ni haramu. Hao wana sauti zao na dufu, na kazi kubwa inaweza kufanyika kwa hivyo viwili.

Masikio nayo yanatofautiana. Mzee wa Kigogo aliyekua na ilimba, chombo alichokipeleka duniani Hukwe Zawose, amezoea sauti zisizolingana na vitufe vya piano. Tabibu anayelandana naye kwa kinanda cha umeme hajalandana naye. Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikifundisha tiba ya muziki kwa ngazi ya uzamili tangu 1999, na mmoja wa walioianzisha kozi hiyo, Mercédès Pavlicevic, aliandika mengi juu ya vikundi na juu ya kuacha muziki wa mahali uongoze. Mwanafunzi wa Kiafrika angeanza na maandishi yake kabla ya ya wengine.

Wanaoharibu kikao ni wa aina mbili. Kuna mhitimu mpya aliyeandaa shughuli kumi za dakika tatu tatu, na mgonjwa akinogewa na ya pili anamkatiza ili waiwahi ya tatu. Huyo hupona kwa uzoefu. Ninayemwogopa zaidi ni fundi wa muziki, mpiga gitaa wa bendi anayeamini kwamba kwa kuwa amebuni jukwaani miaka 20, chumba cha tiba ni jukwaa dogo tu. Jukwaani unabuni ili usikike. Ukimya wa sekunde nne jukwaani ni aibu, na vidole vyake vimefunzwa kuuziba. Chumbani, ukimya huo huenda ndio mahali pekee mgonjwa angeingia. Kadiri mkono ulivyo mwepesi, ndivyo unavyohitaji mpango wa kuuzuia, hata kama mpango huo ni mstari mmoja tu ulioandikwa juu ya karatasi: leo nisianze mimi.

Basi ukimpeleka mtoto wako au mzazi wako kwa mtu anayejiita tabibu wa muziki, usimpime kwa uzuri wa anachopiga. Mwombe akuonyeshe tathmini aliyoifanya, lengo aliloliandika, na maelezo ya kikao kilichopita. Ukiingia ukakuta hafuati alichokiandika, usishtuke, muulize aliona nini. Akiwa na jibu, umempata. Asipokuwa na karatasi wala jibu, huyo ni mwalimu wa muziki, na alipwe ada ya mwalimu wa muziki.